Uzibaji wa hesi za mabomba

Uzibaji wa hesi za mabomba ni kazi ya kuweka kizibio (wingi: vizibio) kati ya hesi za bomba na hesi za kiungio ili maji, gesi, mvuke au mafuta yasivuje. Kizibio kinaweza kuwa utepe, nyuzi, pesti au gundi. Nchini Tanzania vinavyotumika zaidi ni tepu nyeupe, ambayo mafundi wengi huiita tredi tepu, na katani inayopakwa pesti.

Hakuna kizibio kimoja kinachofaa kila mahali. Uchaguzi hutegemea mambo manne: kitu kinachopita ndani ya bomba, mada ambayo bomba na kiungio vimetengenezwa, presha na joto vitakavyokuwamo, na kama kiungo kitahitaji kufunguliwa tena. Katika maeneo ya milimani kama mji wa Tukuyu na wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, maji mengi hushuka yenyewe kutoka chemchemi zilizo juu. Huko presha ya mteremko hufichua haraka kiungo kilichozibwa vibaya.

## Kwa nini hesi huvuja

Hesi ni mfereji unaozunguka bomba kama ngazi ya mviringo. Hesi za nje za bomba zinapoingia katika hesi za ndani za soketi, elbo au tii, vyuma viwili hukazana na kushikana kwa nguvu. Hata hivyo havigusani kila mahali. Kati ya ncha za hesi moja na mabonde ya nyingine hubaki njia nyembamba inayozunguka kutoka ndani ya bomba hadi nje. Maji yenye presha hufuata njia hiyo mpaka yatokeze.

Kazi ya kizibio ni kujaza njia hiyo. Kinachobeba nguvu ya kiungo ni hesi zenyewe, si kizibio. Kwa sababu hiyo hesi zilizolika, zilizopasuka au zisizolingana haziwezi kuponywa kwa kuongeza tepu au katani. Kiungo cha namna hiyo kinaweza kukaa kikavu kwa siku chache, kisha kikaanza kuvuja presha ikipanda au bomba likitikiswa.

Kizibio kina kazi ya pili pia. Hulainisha hesi wakati wa kufunga, hivyo bomba huingia kwa kina kinachotakiwa kabla chuma hakijagoma.

Katika mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki kuna kazi ya tatu. Fundi anapokata hesi kwa mashine, meno ya mashine huondoa zinki na kuacha chuma kitupu. Hapo pia ndipo ukuta wa bomba huwa mwembamba kuliko mahali pengine. Ndiyo maana mabomba mengi ya chuma huanza kuoza kwenye hesi. Kizibio kilichoenea vizuri hufunika chuma hicho kisiguswe na maji.

## Aina za hesi

Kabla ya kuchagua kizibio ni lazima kujua aina ya hesi. Mabomba na viungio vinavyouzwa Afrika Mashariki hufuata kwa kawaida mfumo wa Kiingereza unaojulikana kwa kifupi BSP. Mfumo huo hutumia hesi zenye pembe ya nyuzi 55, umbo lililopendekezwa na mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Ingawa Tanzania hutumia vipimo vya mita, mabomba ya chuma bado hutajwa kwa inchi. Bomba la "nusu inchi" lina hesi zenye kipenyo cha nje cha karibu milimita 21. Nusu inchi ni jina la saizi, si kipimo cha nje.

Ndani ya mfumo huo kuna aina mbili:

- Hesi za mchongoko hupungua kipenyo kuelekea mwisho wa bomba, kwa milimita 1 katika kila milimita 16 za urefu. Kadiri zinavyokazwa ndivyo zinavyobana. Hizi hutengenezwa ili zizibwe kwenye hesi zenyewe, kwa msaada wa kizibio. Kanuni zake zimo katika kiwango cha kimataifa ISO 7.
- Hesi zilizonyooka zina kipenyo kilekile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hizi hufunga tu, na kuziba ni kazi ya washa ya mpira au ringi. Kanuni zake zimo katika kiwango cha ISO 228.

Marekani hutumia mfumo mwingine, unaoitwa NPT, wenye pembe ya nyuzi 60. Katika saizi za nusu inchi na robo tatu inchi, mifumo yote miwili ina hesi 14 kwa kila inchi. Kwa hiyo kiungio cha mfumo mmoja huweza kuingia katika kiungio cha mfumo mwingine na kuonekana kimekaa sawa, huku pembe zake hazilingani. Kuanzia inchi moja tofauti huonekana wazi, kwa kuwa BSP ina hesi 11 na NPT ina 11 na nusu. Jambo hili huweza kujitokeza kwenye pampu na mashine zilizoagizwa kutoka Marekani. Suluhisho ni adapta sahihi, si kizibio kingi zaidi.

## Aina za vizibio

### Katani na pesti

Hiki ni kizibio cha zamani ambacho bado kina nafasi yake. Ulaya mafundi walitumia nyuzi za kitani na za hempu. Katika Afrika Mashariki hutumiwa pia katani ya mkonge, mmea ulioletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na kuenea katika mashamba ya Tanga.

Nyuzi huzungushwa katika mabonde ya hesi, kisha hupakwa pesti. Zikipata maji huvimba na kujaza nafasi iliyobaki. Faida yake kubwa ni kwamba fundi anaweza kurudisha kiungio nyuma kidogo ili elbo au koki itazame upande unaotakiwa bila kuharibu uzibaji. Pia hujaza vizuri hesi za mabomba makubwa na zile zenye mikwaruzo.

Udhaifu wake ni kwamba nyuzi za mimea huoza zisipopakwa pesti, na husinyaa zikikauka. Mabomba yanayokaa siku nyingi bila maji yanaweza kuvuja yanapofunguliwa tena. Nchi kadhaa za Ulaya ziliona jambo hilo zilipobadili gesi ya mjini, iliyokuwa na unyevu, kwa gesi asilia iliyo kavu: viungo vya zamani vya nyuzi vilikauka na kuanza kuvuja.

Zamani nyuzi zilipakwa pesti ya risasi nyekundu. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, kwa sababu huathiri ubongo na mishipa ya fahamu hata ikiwa kidogo. Pesti hiyo haifai kabisa kwa maji ya kunywa.

### Tepu ya PTFE

Tepu nyeupe hutengenezwa kwa politetrafluoroethilini (PTFE), plastiki iliyogunduliwa kwa bahati nchini Marekani tarehe 6 Aprili 1938 na Roy Plunkett, mkemia wa kampuni ya DuPont. PTFE huteleza sana, haishikani kwa urahisi na kemikali nyingine, haiozi, na huvumilia joto la hadi nyuzi 260 za selsiasi.

Tepu haina gundi. Hukaa mahali pake kwa sababu hubanwa kati ya hesi. Tepu ya kawaida ya maji huwa na upana wa milimita 12 hivi na unene usiofika sehemu moja ya kumi ya milimita. Tepu nzito zaidi hutengenezwa kwa ajili ya gesi, na mara nyingi huwa ya njano au huja katika kibweta cha njano. Rangi si sheria katika nchi zote, hivyo maandishi ya kwenye kibweta ndiyo ya kutegemea.

Tepu ni safi, rahisi na haihitaji kusubiriwa ikauke. Udhaifu wake ni kwamba kiungo kikishakazwa hakipaswi kurudishwa nyuma. Tepu iliyokatika ndani ya hesi hufungua njia ya maji, na lazima kiungo kifunguliwe, kisafishwe na kuzungushiwa tepu mpya.

### Pesti isiyoganda

Pesti hii hupakwa kwa brashi au kidole na hubaki laini kwa miaka. Hutumika peke yake kwenye hesi nzuri za chuma, au pamoja na katani. Baadhi ya pesti zina mafuta ya petroli yanayoweza kudhoofisha plastiki. Kwa hiyo ni lazima kusoma kwenye kopo kama inafaa kwa plastiki na kwa maji ya kunywa.

### Gundi inayoganda bila hewa

Hii ni gundi ya majimaji inayoganda inapobanwa kati ya vyuma mahali pasipo na oksijeni. Ilitengenezwa katika miaka ya 1950 na Vernon Krieble, profesa wa kemia nchini Marekani. Huziba vizuri viungo vinavyotikisika, kama vile vya pampu na injini. Haifai kwa plastiki, kwa sababu haigandi vizuri bila chuma na inaweza kusababisha nyufa. Nyingine hushika kwa nguvu kiasi kwamba kiungo hufunguka tu kikipashwa moto.

## Viungo visivyohitaji kizibio

Kosa la kawaida ni kuzungushia tepu kila hesi inayoonekana. Viungo vifuatavyo huziba kwa njia nyingine, na tepu huweza hata kuvifanya vivuje kwa kuzuia sehemu zake zisikutane sawasawa:

- yunioni, ambayo nyuso zake mbili hukandamizana au hubana washa. Nati yake ya katikati haihitaji tepu, bali hesi zake za pembeni zinazoingia kwenye mabomba
- mipira ya kunyumbulika ya sinki na choo, yenye washa mwishoni
- viungio vya kubana vya mabomba meusi ya poli, vyenye ringi ya mpira ndani
- nati za mita ya maji, zenye washa bapa
- viungo vya PVC vya kugundisha, ambavyo havina hesi
- regyuleta ya mtungi wa gesi ya kupikia, ambayo huziba kwa mpira wake

Washa iliyochakaa hubadilishwa kwa washa mpya. Tepu haichukui nafasi yake.

## Kuchagua kizibio kulingana na kazi

### Maji ya mteremko: mfano wa Rungwe

Mlima Rungwe una kimo cha takriban mita 2,960, na upande wa kusini ardhi hushuka kupitia Tukuyu na Kyela hadi Ziwa Nyasa, lililo chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Eneo la Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na lina chemchemi na mito mingi. Mazingira hayo hurahisisha maji kushuka kwa mabomba bila pampu.

Mteremko huo una gharama yake. Kila mita 10 za kimo kati ya tangi na koki huongeza karibu bari 1 ya presha. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tangi hupata karibu bari 6 maji yakiwa yametulia. Ikiwa mita 100 chini, presha hukaribia bari 10. Presha hiyo huwa kubwa zaidi usiku, wakati hakuna anayechota. Kiungo kilichoonekana kikavu mchana, majirani wakitumia maji, kinaweza kudondosha maji usiku. Koki ikifungwa ghafla, maji yanayokimbia hupiga bomba kwa kishindo na kuongeza presha kwa muda mfupi.

Kwa sababu hiyo miradi ya maji ya mteremko huwekewa matangi ya kupunguza presha njiani. Kizibio hakiwezi kufanya kazi ya matangi hayo. Kwenye viungo vya chuma vyenye presha kubwa, na hasa mabomba ya inchi moja na nusu kwenda juu, katani iliyopakwa pesti au tepu nzito hufaa kuliko mizunguko miwili ya tepu nyepesi. Kwa mabomba ya nyumbani ya nusu inchi na robo tatu, tepu ya kawaida iliyozungushwa vizuri hutosha.

Rungwe ni eneo la volkeno, na mahali fulani gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini kwa wingi hata huvunwa kwa matumizi ya viwandani. Maji yoyote yaliyoyeyusha gesi hiyo huwa na uasidi kidogo, na uasidi hula zinki na chuma. Mahali penye maji ya namna hiyo ni muhimu kuliko kawaida kwamba kizibio kifunike hesi zote, na hesi zinazobaki nje zipakwe rangi ya kuzuia kutu.

Uvujaji mdogo si jambo dogo. Tone moja kwa kila sekunde ni kama lita 4 kwa siku, yaani karibu lita 1,500 kwa mwaka. Uvujaji ulio ndani ya ukuta hulowesha tofali na plasta muda mrefu kabla haujaonekana.

### Maji ya kunywa

Kizibio kinachogusa maji ya kunywa kinapaswa kuwa kimeandikwa kuwa kinafaa kwa kazi hiyo. Tepu ya PTFE haina ladha wala harufu. Rangi ya mafuta, lami, risasi nyekundu na grisi ya magari havifai.

### Viungio vya plastiki

Hesi za nje zenye mchongoko hufanya kazi kama kabari. Bomba la chuma likikazwa ndani ya soketi ya plastiki, hupanua soketi hiyo mpaka ipasuke, pengine baada ya wiki kadhaa. Tepu nyingi huzidisha tatizo kwa sababu hunenepesha kabari na huteleza, hivyo fundi hukaza kupita kiasi bila kuhisi. Kwa plastiki hutumika tepu peke yake, mizunguko miwili au mitatu, kukaza kwa mkono na kisha kuongeza mzunguko mmoja hivi kwa spana. Panapokutana chuma na plastiki, ni afadhali hesi za nje ziwe za plastiki na za ndani ziwe za chuma, au kutumia kiungio chenye hesi za brasi zilizozamishwa ndani ya plastiki.

### Maji ya moto na mvuke

Hita za maji za nyumbani hazifiki kikomo cha joto cha PTFE. Kwenye mabomba ya mvuke, kama yale ya boila za viwandani, joto na presha hupanda pamoja na bomba hupanuka na kusinyaa kila siku. Huko hutumika pesti iliyotengenezwa kwa mvuke, na mabomba makubwa huunganishwa kwa flanji na gasketi badala ya hesi.

### Gesi ya kupikia na biogesi

Wakazi wengi wa Rungwe hufuga ng'ombe wa maziwa, na samadi yao huweza kuzalisha biogesi. Presha yake ni ndogo, lakini gesi ikivuja jikoni huweza kuwaka au kulipuka. Biogesi ina pia hidrojeni sulfidi, ambayo hula chuma, shaba na brasi. Tepu ya PTFE iliyotengenezwa kwa ajili ya gesi hufaa, kwa kuwa haiathiriwi na gesi hiyo na haisinyai. Katani bila pesti ya gesi haifai. Kazi ya mabomba ya gesi ya mitungi hufanywa na fundi aliyefunzwa.

## Namna ya kufunga tepu

1. Hesi zote mbili husafishwa kwa brashi ya waya na kitambaa. Mabaki ya kizibio cha zamani huondolewa yote.
2. Tepu huanzia hesi ya pili kutoka mwisho wa bomba, ili vipande visiingie ndani na kuziba koki au mita.
3. Bomba likitazamwa kwa mbele, tepu huzungushwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Ikizungushwa kinyume hujikunja na kutoka wakati wa kukaza.
4. Tepu huvutwa hadi ikae ndani ya mabonde ya hesi, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Kwa chuma cha nusu inchi mizunguko 3 hadi 5 ya tepu nyepesi hutosha; bomba kubwa zaidi huhitaji mingi zaidi.
5. Kiungio huanzishwa kwa mkono, kisha hukazwa kwa spana ya bomba bila kurudishwa nyuma.

Mabaki ya tepu hayapaswi kuchomwa wala kuachwa kwenye vidole vya mvutaji wa sigara, kwa sababu PTFE iliyoungua hutoa moshi wenye sumu unaoleta homa na maumivu ya kifua.

Kwa katani, hesi laini hukwaruzwa kwanza kwa msumeno ili nyuzi zisiteleze. Nyuzi chache huzungushwa kwa mwelekeo uleule, zikifuata mabonde ya hesi, kisha hupakwa pesti kote. Nyuzi nyingi mno husukumwa nje na zinaweza kupasua kiungio.

## Kupima uvujaji

Kazi haijakamilika mpaka ipimwe. Maji hufunguliwa taratibu ili hewa itoke, kisha kila kiungo hupanguswa na kuguswa kwa karatasi kavu. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Katika mabomba ya mteremko ni vizuri kurudia asubuhi, baada ya presha kubwa ya usiku. Njia nyingine ni kufunga koki zote na kutazama mita: ikiendelea kusogea, kuna mahali panapovuja. Ukuta na mitaro hufukiwa baada ya kipimo hicho.

Kwa gesi hutumika maji ya sabuni, na mapovu huonyesha mahali panapovuja. Kamwe haitumiki njiti ya kiberiti.

Kiungo kikivuja, kukaza zaidi ni jaribio la kwanza tu, na kwa plastiki ni hatari. Kufunga nje kwa mpira wa tyubu hupunguza maji kwa muda mfupi huku kutu ikiendelea chini yake. Tiba ya kweli ni kufunga maji, kufungua kiungo, kukagua hesi na kuziba upya. Hesi zikionekana zimelika, sehemu hiyo hukatwa na kubadilishwa.